Twiga wa 1414: namna ya kujenga hoja juu ya picha ya Kichina

Kuna picha ambayo hurudi mitandaoni kila uhusiano wa China na Afrika Mashariki unapozungumzwa. Twiga amesimama ubavu, shingo imenyooka juu, na kando yake mtu mwenye joho na kilemba ameshika kamba. Juu yao imejaa mistari ya maandishi ya Kichina. Anayeituma huandika chini yake maneno yanayokaribia haya: twiga wa Malindi, akipelekwa China na Zheng He (amiri wa meli za China), mwaka 1414. Hapo ndipo mabishano huanza. Mmoja anasema picha inathibitisha urafiki wa miaka mia sita, mwingine anasema ni propaganda, wa tatu anataka kujua twiga alilalaje melini. Na mahali fulani kuna mwanafunzi anayeambiwa aandike insha ya utafiti yenye kushawishi kuhusu sanaa ya Asia, anaiona picha hiyo na kujisemea: basi, mada nimepata.

Mada amepata kweli, na ni nzuri. Tatizo ni kwamba maneno yale ya chini ya picha yamebeba madai matatu kwa mpigo, na mawili kati yake hayasimami. Tukiyafumua polepole, tutaona pia insha ya namna hii inajengwaje.

Tuanze na majina. Sanaa za kuona ni kazi zinazokamilika machoni: picha, sanamu, ufinyanzi, nakshi, mwandiko wa kalamu au brashi. Zisichanganywe na sanaa za maonyesho, yaani ngoma na maigizo, kosa ambalo nimeliona hata kwenye rasimu za watu wazima. Asia nayo ni kubwa mno. Ukisema "sanaa ya Asia" umekumbatia Yemen, Uajemi, India, China, Japani na visiwa vya Indonesia kwa pumzi moja. Ni sawa na kukaa kwa mama ntilie na kumwambia, "Nipe chakula." Atakuuliza wali au ugali, maharage au samaki, na wewe utalazimika kuchagua.

Insha ya maelezo humwambia msomaji jambo lilivyo. Insha yenye hoja humwambia kwa nini akubali jambo ambalo angeweza kulikataa. Hiyo "angeweza kulikataa" ndiyo moyo wa shughuli nzima. Sentensi kama "Wachina wana historia ndefu ya uchoraji" si hoja, kwa sababu hakuna mtu atakayenyanyua mkono kupinga. Na "Picha hii ni nzuri sana" si hoja pia: ni ladha yako, na ladha haina rufaa.

Neno kushawishi lenyewe limechafuka. Kwa masikio ya wengi ni kazi ya mgombea ubunge, au ya yule muuza dawa za nguvu pale stendi mwenye kipaza sauti. Ndiyo maana wanafunzi wengi wakiambiwa washawishi huanza kupamba: "ni dhahiri shahiri", "hakuna shaka yoyote", "dunia nzima inajua". Katika utafiti mambo hayaendi hivyo. Hali iko karibu zaidi na mahakamani, ambako hakimu hajali umepaza sauti kiasi gani. Anauliza kielelezo kiko wapi, kimetoka kwa nani, na upande wa pili unasemaje.

Sasa turudi kwa twiga wetu.

Kabla hujafungua kitabu chochote, kaa na picha nusu saa. Andika unachokiona tu, bila kukifasiri. Nyuma ya mnyama hakuna kitu: hakuna mlima, wingu wala mti. Twiga amepewa karibu urefu wote wa nafasi iliyobaki chini ya maandishi. Mgongo wake unateremka kuelekea nyuma, kama wa twiga unayemjua. Mwili umefunikwa kwa madoa makubwa yaliyotenganishwa na mistari myembamba, mfano wa wavu. Kichwani amefungwa hatamu, kamba inashuka hadi mikononi mwa yule mtu, ambaye mavazi yake si ya Kichina.

Sasa waulize wanaojua Kichina maandishi ya juu yanasema nini. Yaliandikwa na Shen Du, mwandishi wa ikulu aliyesifika kwa mwandiko wake, na hayasemi "twiga". Yanasema Qilin (tamka "chilin"). Qilin ni kiumbe wa hekaya za Kichina, na huonekana duniani pale tu mfalme mwadilifu anapotawala. Kumbukumbu moja ya kale kabisa ya Wachina, inayohusishwa na mwanafalsafa Confucius, hufunga habari zake na kukamatwa kwa kiumbe huyo mwaka 481 kabla ya Kristo. Wachoraji wa enzi ya Ming, ukoo uliotawala China wakati wa picha hii, walizoea kumpa magamba mwilini na ndimi za moto. Shen Du anamsifia huyu wa kwetu kuwa na mwili wa kulungu, mkia wa ng'ombe, pembe ya nyama isiyo na mfupa, na madoa yanayong'aa kama wingu jekundu. Kwato zake, anasema, hazikanyagi kitu chenye uhai.

Hapo ndipo mtu makini anaposimama. Maandishi yanasema kiumbe wa miujiza. Picha inaonyesha mnyama aliyefungwa kamba. Tangu lini muujiza unavutwa kwa hatamu?

Mwanya wa namna hiyo, pale vitu viwili ndani ya kazi moja vinapokataa kukaa pamoja, ndio mahali pa kuchimba. Mada inageuka swali: kwa nini mnyama amechorwa kwa uangalifu wote huo, karibu kama alivyo porini, ilhali maneno yaliyo juu yake yanamwita kiumbe ambaye hajawahi kuwepo?

Msomaji wa pwani ana faida hapa, maana kanga imemfundisha jambo hili tangu utotoni. Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Huwezi kuisoma kwa maua yake peke yake, wala kwa jina lake peke yake. Ukitaka kuielewa sawasawa unauliza: nani kamnunulia nani, na kaivaa siku gani akipita mbele ya mlango wa nani? Jina lilelile likivaliwa harusini ni dua, likivaliwa na mke mwenza siku ya Ijumaa ni mshale. Picha ya Kichina yenye maandishi nayo inataka maswali hayohayo. Tunaona maua, tumesomewa jina. Bado hatujajua mlango.

Mlango ni wa mfalme Yongle. Jina lake la kuzaliwa ni Zhu Di, na kiti hakuachiwa na baba yake. Baba, mwasisi wa enzi ya Ming, alipofariki mwaka 1398, alirithiwa na mjukuu. Zhu Di alianzisha vita dhidi ya huyo mpwa wake mwaka 1399, na mwaka 1402 akauteka mji mkuu na kukalia kiti. Mtu aliyepata ufalme kwa njia hiyo ana hamu gani ya dalili kutoka mbinguni? Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1414, wajumbe wa Sultani wa Bengal, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Bangladesh na India, walimletea zawadi ya mnyama mwenye shingo ndefu.

Bengal, nasema, na si Malindi. Bengal haina twiga wa asili, kwa hiyo mnyama yule alikwishavuka bahari mara moja kabla ya kuanza safari ya kwenda China, na Afrika Mashariki ndiyo asili inayotajwa zaidi. Twiga aliyetoka Malindi moja kwa moja, akiletwa na wajumbe wa Malindi, alifika mwaka uliofuata, 1415. Zheng He naye aliongoza safari saba kati ya 1405 na 1433, na kwa kawaida wanahistoria huweka ziara za meli zake Malindi na Mogadishu kwenye safari ya tano, iliyoanza 1417. Madai mawili yameanguka hapo bila kelele, na mwaka peke yake umebaki umesimama.

Jina Qilin lilishikaje? Mchango maarufu ni wa msomi Mholanzi J. J. L. Duyvendak, aliyekumbusha kwamba Wasomali humwita twiga kwa neno linalofanana na "giri" au "geri". Masikio ya Kichina yaliposikia sauti hiyo, na macho yakaona kwato, mkia na madoa, Qilin haikuwa mbali. Mimi naliona wazo hili kuwa na mvuto, lakini ndani ya insha ningeliweka kama kiungo cha pembeni. Sauti mbili kufanana ni shahidi dhaifu. Angalia tu ni maneno mangapi ya Kiswahili yanayofanana na ya Kijapani bila undugu wowote.

Sasa tunaweza kuandika hoja, na iandikwe kwa sentensi moja au mbili zisizokwepa: "Katika picha ya twiga ya 1414, uhalisi wa mchoro ulitumikia siasa. Kadiri mnyama alivyochorwa kama alivyo, ndivyo dai la Shen Du, kwamba Qilin ametokea na kwamba Yongle anatawala kwa ridhaa ya mbingu, lilivyopata nguvu." Hatamu ile, basi, inapata maana. Kiumbe aliyezungukwa na mawingu ya dhahabu angeonekana hadithi. Aliyeshikwa kamba na mtu wa kigeni, bila kitu nyuma yake, anasema: nilikuwepo, nilionekana, nililetwa. Maandishi yanadai, picha inatoa ushahidi. Ukiitazama hivyo, picha ile yenyewe ni insha yenye hoja, iliyotangulia ya mwanafunzi wetu kwa karne sita.

Je, unaweza kuikataa hoja hii? Kabisa, na lazima uonyeshe jinsi ya kuikataa kabla msomaji hajakuonyesha yeye.

Pingamizi la kwanza liko kwenye madoa. Mpinzani atasema: wewe unauita uhalisi, lakini tazama ule wavu, hayo ni magamba ya Qilin yaliyofichwa kwenye ngozi ya twiga, kwa hiyo mchoraji naye alikuwa anadanganya kwa upole. Ni pingamizi zuri. Na hapa anayetoka Isiolo au Marsabit ana jambo la kumwambia profesa. Twiga wa Kimasai, anayeonekana kusini mwa Kenya na Tanzania, ana madoa yenye kingo zilizochanika kama majani. Twiga wa kaskazini mwa Kenya na Somalia ana madoa makubwa ya kahawia yaliyokatwa na mistari myeupe iliyonyooka, na ukimtazama kwa mbali utadhani amerushiwa wavu. Kwa hiyo wavu ule unaweza kuwa magamba, na unaweza kuwa ngozi halisi ya twiga wa kaskazini. Usikimbilie jibu linalokupendeza. Andika kwamba alama hiyo moja inabeba tafsiri zote mbili, kisha eleza hoja yako inabaki wapi endapo mpinzani ana haki. Yangu inabaki kwenye hatamu na kwenye utupu wa nyuma ya mnyama, ambavyo magamba hayawezi kuvieleza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kumbukumbu za ikulu zinasema mawaziri walipotaka kuwasilisha pongezi rasmi kwa kutokea kwa Qilin, Yongle alikataa. Kama alihitaji dalili ya mbinguni, kwa nini akatae kupongezwa? Mwanafunzi mwoga huificha habari hii, akiomba msahihishaji asiijue. Ataijua. Iweke mezani mwenyewe, uijibu: mtawala anayekataa sifa hadharani, huku utenzi wa sifa ukiandikwa na picha ikichorwa, hajakataa kila kitu. Sote tumemwona bwana harusi anayesema "jamani, msihangaike" huku anafungua mlango wa pili ili zawadi zipite. Hilo ni jibu, ingawa halimalizi ubishi, na ni vizuri likisemwa hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau: unaandika kuhusu kitu gani hasa? Picha ya twiga huyu ipo kwa zaidi ya nakala moja. Kuna iliyoko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia, Marekani, na kuna iliyoko kwenye jumba la makumbusho ya kifalme la Taipei. Katika uchoraji wa Kichina kunakili kazi kubwa hakukuwa aibu, kulikuwa sehemu ya ufundi na ya heshima. Lakini kwako ina matokeo. Ukiegemeza hoja kwenye mstari mmoja wa brashi, ni lazima useme ni mstari wa nakala ipi. Picha iliyokatwa pembeni na kutumwa kwenye simu mara elfu haifai kuwa kielelezo: maandishi ya juu mara nyingi yamekatwa, rangi zimeongezwa, na siku hizi programu za akili mnemba zinaweza kukutengenezea "twiga wa Ming" ambaye hakuwahi kuguswa na brashi ya mtu. Nenda kwenye ukurasa wa makumbusho yenyewe. Nakili jina la kazi, mchoraji kama anajulikana, kipindi, vifaa, vipimo na mahali inapotunzwa.

Imani tatu nizikwangue kabla sijamaliza.

Ya kwanza ni kwamba huwezi kuandika kuhusu sanaa ya China bila kusoma Kichina. Inategemea swali lako. Kama hoja yako inasimama juu ya neno moja la Shen Du, ndiyo, utahitaji Kichina au mtu anayekijua. Kama inasimama juu ya uhusiano wa mchoro na maandishi, tafsiri zilizochapishwa zinatosha kuanzia, mradi umwambie msomaji unatumia tafsiri, ya nani.

Ya pili ni ile ya kamusi ya alama: joka ni nguvu, ua la peoni ni utajiri, korongo ni maisha marefu, basi umemaliza. Orodha hizi si uongo, ila zinaua kazi. Joka wa kucha tano kwenye joho la mfalme wa Ming na joka kwenye sahani iliyotengenezwa kwa soko la nje hawasemi neno lilelile. Ni sawa na mtu anayekuambia kanga yenye korosho maana yake ni korosho.

Ya tatu inahusu sisi wenyewe. Wengi wetu huivuta picha hii ituambie kitu kuhusu hadhi ya Afrika machoni pa China, wengine wakitaka heshima, wengine wakitaka dharau. Lakini maandishi ya picha hayaizungumzii Afrika. Yanazungumzia Bengal na ikulu ya Ming. Twiga anatoka kwetu. Hadithi waliyomvika ni ya kwao. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya uhusiano wa pwani na China ana vielelezo vilivyo karibu zaidi na visivyohitaji viza. Kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, lilipachikwa bakuli za kauri za Kichina. Makaburi ya Kunduchi, nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam, nayo yalipambwa kwa kauri. Magofu ya Gedi yametoa vigae vya Kichina tangu mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1940. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kisiwani Manda, karibu na Lamu, imepatikana sarafu yenye jina la Yongle, mfalme yuleyule.

Na hapo pia swali la sanaa lipo, tena tamu kuliko la biashara. Bakuli limetengenezwa ili litazamwe kwa juu, likiwa mezani, likiwa na kitu ndani. Fundi wa Mambrui alilisimamisha wima, akalizika kwenye chokaa, juu ya maiti wa Kiislamu, likitazamana na anayepita. Je, lilibaki kazi ya sanaa ya Asia, au liligeuka kazi ya sanaa ya Waswahili? Kuna watu watakaojibu hivi na watu watakaojibu vile, kwa hiyo hoja ipo.

Kuhusu picha ya twiga, ukikutana nayo tena ikiwa na maneno yale ya zamani, yanaweza kusahihishwa hivi: Twiga aliyetolewa zawadi na Bengal kwa mfalme Yongle mwaka 1414, pamoja na maandishi ya Shen Du yanayomwita Qilin, moja ya nakala zilizopo. Wa Malindi alifika mwaka uliofuata.